Kifo cha Rais Samora: Yakini na Dhana

Watoto wetu wa Pundanhar hutuuliza: nani alimuua Rais Samora Machel? Tuanze na yaliyothibiti. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ya serikali, Tupolev Tu-134, ikitoka Mbala, Zambia, ilikata kulia kabla ya kufika Maputo, ikagonga milima ya Lebombo huko Mbuzini, Afrika Kusini. Samora alikufa pamoja na wenzake zaidi ya 30. Tume ya makaburu iliwalaumu marubani Wasovieti. Wasovieti wakasema mtambo wa uongo wa kuongozea ndege uliwapoteza. Tume ya Ukweli na Maridhiano nayo haikutoa uamuzi wa mwisho. Basi tusiwafundishe watoto dhana kama yakini. Kumshuhudia mtu kwa mauaji ni amana nzito.