Mti Huu Umetoka Wapi?

Niliinunua ile krotoni kando ya barabara Mombasa, nikaipakata kwenye basi mpaka Mokowe, kisha kwenye boti mpaka Amu. Muuzaji aliniapia ni nzima, nami nikaamini kwa sababu majani yalikuwa yanang'aa. Nikaiweka kiwandani kwa bibi, ubavuni mwa asumini yake. (Kiwanda kwetu si mahali pa mashine. Ni ua wa ndani, ulio wazi juu.)

Wiki ya tatu nikaona pamba nyeupe kwenye vikonyo vya asumini. Nikadhani ni ukungu. Nikaigusa kwa kijiti, ikatembea.

Vidung'ata. Wananyonya utomvu na kujifunika nta nyeupe, na dawa ya maji huteleza juu yake. Mimi mbio dukani kuulizia sumu. Bibi alikuwa ameshachukua oda ya vikuba vya harusi ya jirani, harusi yenyewe mwezi ujao. Lakini yeye hakuuliza habari ya dawa.

"Mti uu umetoka wapi?"

Niliona haya kumjibu. Baadaye, nikisoma usiku kwenye simu, niligundua kwamba swali lake liliwahi kuwashinda wataalamu wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka kumi.

Miaka ya 1920, vidung'ata walivamia mibuni ya Kenya, upande wa Thika na kwingineko bara. Wakulima walipaka vigogo grisi ili sisimizi wasipande, maana sisimizi hulamba maji matamu wanayotoa vidung'ata, na kwa malipo huwafukuza maadui zao. Grisi ilisaidia kiasi. Wataalamu walitaka kumleta adui wa asili, mdudu wa kumla mdudu, lakini utamtafuta wapi kama hujui mgonjwa wako ni nani? Walimchukulia kuwa spishi ya Asia, wakaagiza maadui kutoka Asia. Maadui wakafika, wakashindwa kazi.

Kumbe walikosea jina. Mwaka 1935 R. H. Le Pelley alimweleza kama spishi mpya kabisa, akamwita *kenyae*. Halafu ikaja kuonekana kwamba nyumbani kwake ni jirani tu, Uganda, ambako yupo na hasumbui sana kwa kuwa kuna vinyigu wadogo wanaotaga mayai mwilini mwake. Mwaka 1938 vinyigu hao wakaletwa Kenya, na balaa likashuka. Jina limebaki la kwetu, mdudu wa Uganda. Ukiniuliza mimi, Waganda wametuwia radhi sana.

Hadithi hiyo imejirudia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa mihogo alifika Kongo akitokea Amerika Kusini, akasambaa barani pamoja na vipande vya miti ya kupandia. Watu walikosa chakula. Kinyigu wake alipatikana Paraguay mwaka 1981, na Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo kutoka taasisi ya IITA kule Ibadan, akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Halafu mwaka 2016 akathibitishwa kidung'ata wa mipapai hapa hapa Pwani. Huyu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hawa wadudu hawana safari ndefu za mabawa. Majike hayana mabawa kabisa. Anayewabeba ni mtu mwenye mche mkononi na furaha moyoni.

Yaani mimi.

Sumu bibi aliikataa kata kata. Kikuba huvaliwa, hunuswa, hulala mtoni na mwali. Tulitoa krotoni nje kwanza. Tukakata matawi ya asumini yaliyojaa, tukayachoma. Yaliyobaki nikayafuta moja moja kwa pamba iliyochovywa spiriti, chini ya jani na kwenye maungio, kisha nikanyunyiza maji ya sabuni jioni jua likishalala. Kila baada ya siku tano nikarudia, kwa sababu mayai hayafi kwa mkupuo mmoja. Sisimizi tuliwazuia kwa kuweka miguu ya meza ya vyungu ndani ya makopo ya maji. Hiyo ilikuwa akili ya bibi. Habari za grisi ya Thika hajawahi kuzisikia.

Harusi ilifika asumini ikiwa nusu upara. Bibi alirudisha sehemu ya pesa za watu, na vikuba alivyotunga vilikuwa mrehani mwingi, maua machache. Hakunigombeza. Alinyamaza tu, na bibi akinyamaza nyumba nzima husikia.

Krotoni iko barazani, nje ya mlango, mwezi wa tatu huu. Bado hajairuhusu kuingia. Juzi nilipindua majani yake yote, nikamkuta kidung'ata mmoja, peke yake, kwenye kikonyo.