Shule na Nyumba Katika Nchi ya Ruangwa

Wazee husema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili twalifahamu sote tuliojenga nyumba za udongo, maana mvua haimngoji mwenye nyumba. Lakini katika insha hii nataka kulitumia kwa nyumba ya watu, yaani baba, mama, wajomba na watoto, na kuuliza: je, shule yaweza kuuona ufa wa nyumba ungali mdogo, na kusaidia kuuziba?

Watu wengine hudhani kwamba kazi ya shule ni kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, na ya kwao nyumbani si kazi ya mwalimu. Wengine hudhani kwamba mwalimu kwenda kuwaamkia wazazi ni desturi mpya, iliyoletwa na wataalamu wa siku hizi. Historia ya nchi yetu ya kusini yaonyesha sivyo. Katika nchi hii shule ilizaliwa pamoja na kazi ya kutunza nyumba, na kila mara kazi hizo mbili zilipotengana, mtoto ndiye aliyepotea.

Kwanza tutazame hali ya zamani. Nchi ya Ruangwa ni nchi ya Wamwera, na majirani zao ni Wamakonde, Wamakua na Wayao. Makabila haya yote kwa mapokeo yao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Basi mtoto alikuwa na baba wa kumlisha, lakini tena alikuwa na mjomba wa kumwamulia mambo makubwa. Mtoto akikosa mlezi mmoja alikuwa na mwingine, na ufa wa nyumba moja uliweza kuzibwa na nyumba ya pili. Kilichoharibu utaratibu huu kabisa ni biashara ya watumwa. Misafara ilitoka upande wa Nyasa ikipita nchi ya kusini kwenda Kilwa na Lindi, na aliyechukuliwa hakupoteza uhuru wake tu, alipoteza mjomba, mama, jina la ukoo na mahali pa kurudi.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani U.M.C.A., alitoka Unguja na watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, zaidi ya 50. Nia yake ilikuwa kuwarudisha karibu na Nyasa walikotoka wengi wao, lakini walipofika Masasi waliiona nchi ni njema, wakakaa. Fikirini hali ya watu hao. Walikuwa wameoana, lakini hapana hata mmoja aliyekuwa na mkwe wa kumshauri. Walizaa watoto, lakini watoto wale hawakuwa na bibi wala mjomba. Kwa hiyo misheni haikuweza kuanza na ubao na chaki peke yake. Ilianza na viwanja vya nyumba na mashamba, na padre na mwalimu wakawa mahali pa wazee. Hivyo ndivyo shule ya kwanza ya upande wetu ilivyoanza.

Kwa muda wa miaka michache walianza kutokea walezi wa nchi hii wenyewe. Cecil Majaliwa alikuwa mtumwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani, Unguja. Mwaka 1886 alikwenda kufanya kazi Chitangali kwa Wayao, na mwaka 1890 alipewa upadre, akawa Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Alikaa Chitangali pamoja na mkewe na watoto wao. Jambo hili la kukaa na jamaa yake si dogo. Watu waliokuja kwake hawakusikia maneno ya kitabu tu, waliona jinsi nyumba inavyoendeshwa, mume na mke wakisaidiana na watoto wakipelekwa shule. Mwalimu mwenye nyumba iliyo wazi hufundisha hata akiwa amenyamaza.

Lakini nyumba zile zilipatwa na misiba mikubwa. Mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi, wakaua watu na kuwachukua wengine mateka. Padre Porter alifunga safari mpaka kwa Wangoni kuwatafuta waliochukuliwa, na Padre Chauncy Maples akaanza kazi upya Newala. Tena mwaka 1905 vikatokea Vita vya Maji Maji. Wamwera waliingia katika vita hivyo kwa kuchoshwa na utawala wa Wadachi. Misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa, na Masasi pia. Baada ya vita ikaja njaa kuu, maana askari wa Wadachi walikuwa wamechoma vyakula ili watu washindwe. Waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wabenediktini walianza tena kazi yao Ndanda mwaka 1906, kati ya watu walioachwa na njaa ile.

Kisha ikaja vita kuu ya 1914 hata 1918. Mwezi wa Oktoba 1917 palipiganwa vita vikali sana Mahiwa, karibu na Nyangao, na nchi yote ya jirani ilitolewa chakula na wapagazi. Wamisionari Waingereza walikuwa wamefungwa na Wadachi, na kazi ya makanisa na shule iliachwa mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika. Hawakuwa na fedha wala dawa. Walichokuwa nacho ni kwamba waliwajua watu wao nyumba kwa nyumba. Walijua ni nani aliyefiwa, na ni yatima gani aliye kwa bibi asiye na jembe. Elimu hiyo haimo katika kitabu chochote, na mgeni hawezi kuipata kwa siku moja. Ndiyo iliyoshika nyuzi za watu zisikatike.

Tena lilitokea jambo lenye mafundisho mengi kwetu. Vincent Lucas, aliyefika Masasi akiwa padre kabla ya vita, na kuwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona kwamba wavulana wa shule huvutwa pande mbili. Shule iliwaita huku, na jando liliwaita kule. Wamisionari wengine walitaka jando likatazwe kabisa. Lucas hakukubali. Alisema na wazee, akatafuta njia ya kulifanya jando liwe la Kikristo. Mafundisho ya adabu na heshima yalibaki, sala ziliongezwa, na yasiyofaa yakaondolewa. Hata mwaka 1944 alipoacha uaskofu, desturi hii ilikuwa imeshika mizizi. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana mambo ya malango yalishikwa na makungwi wanawake, nao hawakupenda kuamriwa na wanaume. Mtu aweza kuikubali njia ya Lucas au kuikataa, lakini jambo moja ni dhahiri. Alitambua kwamba mtoto hawezi kusaidiwa kwa kuvutwa atoke kwao. Ni lazima kukaa na wale wanaomlea, kusikia sababu zao, na kupatana nao.

Mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Karanga wa Serikali ya Kiingereza, na Nachingwea ikawa mahali pake pamoja na Kongwa na Urambo. Mashine zilikuja, na watu kutoka kila upande wakaja kutafuta mshahara. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, kwa kuwa ulishindwa. Habari za hasara yake ya fedha zimeandikwa sana. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba mshahara humwondoa mume nyumbani, na unapokoma haumrudishi siku zote. Mama huachwa na jembe na watoto, na mtoto mkubwa huacha shule ili amsaidie. Katika miaka hiyo Daktari Leader Stirling, aliyefika upande wa Masasi mwaka 1935, alihamia Mnero katika Nachingwea mwaka 1949, akakaa hapo kwa miaka 15 akitibu watu. Hospitali na shule zilikuwa za misheni zilezile, na mwalimu aliyemwona mtoto ana homa alijua aende kwa nani.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isiwe kisiwa mbali na kijiji. Mwaka 1970 shule za misheni zilitwaliwa na Serikali ziwe za watu wote, bila kuulizana dini. Mwaka 1974 ikaamriwa huko Musoma kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto mwenye umri awe ameandikwa shuleni. Jambo hili lilikuwa jema, na wazazi wengi wa Ruangwa walipata kusoma kwa ajili yake. Mwaka 1995 Ruangwa ikawa wilaya peke yake, ikitengwa na Nachingwea. Ada ya shule ya msingi iliondolewa tangu mpango wa mwaka 2002, na Januari 2016 elimu bila ada ilifika hata kidato cha nne. Tena Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, umewapa ruzuku jamaa maskini, kwa sharti kwamba watoto waende shule na wachanga wapelekwe kliniki. Na Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba aweza kurudi.

Basi milango imefunguliwa. Lakini mlango uliofunguliwa haumchukui mtu mkono. Zamani mwalimu alikuwa na watoto wachache na alijua nyumba zao. Leo darasa lina watoto wengi, na ni rahisi mmoja apotee kimya kimya, jina lake likibaki katika daftari la mahudhurio na alama ya kutokuwapo mbele yake.

Tuchukue mfano. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa hodari, lakini mwezi wa Februari anaanza kusinzia darasani. Kisha anakosa Ijumaa, halafu Alhamisi na Ijumaa. Mwalimu asiyejua nchi atasema ni mvivu, naye atampa adhabu. Mwalimu ajuaye nchi atakumbuka kwamba huu ndio wakati ghala zimekwisha na mazao mapya hayajaiva, na watu huenda mwituni kuchimba ming'oko. Tena huu ni wakati wa kukaa dunguni kulinda shamba, kufukuza nguruwe na nyani. Labda baba yumo safarini kutafuta kibarua, na mama ana mtoto mchanga. Mtoto yule si mvivu, yeye ndiye mlinzi wa shamba. Ufa umeonekana, lakini ungali mdogo. Mwalimu akienda kwao wiki ile, jambo laweza kupatana. Mjomba ataweza kutoa mtu wa kukaa dunguni, na jirani ataweza kukopesha kibaba. Akingoja hadi mwezi wa Juni, mtoto amekwisha kuzoea shamba, amewahi kuona haya mbele ya wenzake, na kumrudisha ni kujenga ukuta mzima.

Kutokana na historia hii naona mambo manne yanayotupasa. La kwanza, kwenda mapema, kabla ya kuitwa, na kwenda kwa heshima, tukibisha hodi na kukaa mkekani, si kama askari wa kodi. La pili, kumtafuta mwenye neno katika nyumba ile. Kwa Wamwera mara nyingi ni mjomba au bibi, na mwalimu asemaye na baba peke yake huenda akarudi na ahadi isiyo na nguvu. Kwa msichana, kungwi wake asisahauliwe, maana neno lake juu ya kurudi shuleni baada ya unyago laweza kuzidi barua kumi za mwalimu mkuu. La tatu, kuficha siri. Aibu ya nyumba ikitangazwa sokoni, mlango ule haufunguliwi tena. La nne, kujua mpaka wa nguvu zetu. Ugonjwa ni wa zahanati, na mtoto anayepigwa au kudhulumiwa ni wa afisa wa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamlinda. Mwenyekiti wa kijiji, padre na shehe wote ni wasaidizi. Mwalimu si mganga wala hakimu, lakini yeye humwona mtoto kila asubuhi, na kwa hiyo huuona ufa kabla ya wengine.

Nanyi wazazi, msingoje mwalimu aje. Chakula kikipungua, au ugomvi ukiingia, au mtoto akibadilika tabia, mwambieni mwalimu mapema. Kufanya hivyo si kujifedhehesha. Watu wa Masasi wa mwaka 1876 walianza bila mjomba wala bibi, wakajenga nyumba zao kwa kusaidiana na shule yao. Sisi tunao wajomba, tunao bibi, na shule zi karibu nasi. Kilichobaki ni kutembeleana.