Vita vya kusini, minara ya kwingine

Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam imesimama kwenye Barabara ya Samora. Sanamu na jina la barabara, vyote viwili vinadaiwa na kusini: Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, na Samora Machel wa Msumbiji aliwaandaa wapiganaji wake Nachingwea.

Majimaji ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1905 Wamwera wa Lindi walijiunga na uasi dhidi ya Wajerumani, lakini makumbusho ya vita hivyo yako Songea.

Mwaka 1917 majeshi yakarudi. Waingereza walikuwa wakimfukuza kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kuelekea mto Ruvuma, na Ruangwa ikawa njia yao. Oktoba waliteka ghala la chakula la Wajerumani huko Ruponda, na siku chache baadaye wakapoteza watu zaidi ya 2,000 katika mapigano ya Mahiwa. Nyuma ya kila bunduki kulikuwa na wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na homa.

Sanamu ya Dar, iliyozinduliwa 1927, inawaenzi askari na wapagazi kwa pamoja, bila kutaja jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa popote kwa majina yao.

Vita vya tatu, vya ukombozi wa Msumbiji, havikupiganwa Nachingwea, viliandaliwa hapo. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulikufa baada ya miaka michache, ukaacha majengo na mashamba yenye namba. Shamba la 17, ambalo wenyeji hadi leo huliita Farm 17, likawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha Machel. Mei 1975 Machel alivuka Ruvuma kuelekea Maputo, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Kambi ikageuzwa shule. Wanajeshi wa Tanzania waliofia Msumbiji wana makaburi yao ya mashujaa Naliendele, Mtwara.

Kwa hiyo ukumbusho wa Nachingwea ni madarasa, na si jambo dogo: kambi inayosomesha watoto inatunzwa, hata pale ambapo mnara ungesahauliwa. Lakini darasa halisemi ni nani aliyewagawia wapiganaji mahindi yake, wala ni nani aliyebebeshwa mzigo mwaka 1917 asirudi nyumbani. Hayo wanayajua wazee na jamaa za marehemu. Halmashauri za Ruangwa na Nachingwea zikitaka kujenga ukumbusho, zianze na daftari la majina, kijiji kwa kijiji. Jiwe laweza kungoja bajeti, wazee hawawezi.