Mchanga wa kunasa hewa ukaa: Miamba ya Korogwe na pwani ya Tanga zina nafasi gani?

MVUA inaponyesha Masuguru na kwingineko katika maeneo ya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, maji yake hayafiki ardhini yakiwa matupu. Yakiwa angani huchukua kiasi kidogo cha hewa ukaa, na yakipenya udongoni huchukua nyingine inayotolewa na mizizi na vijidudu. Hapo maji huwa na ukali mdogo, na ukali huo hula miamba taratibu.

Mwamba unapoliwa hivyo, madini yake hushikamana na hewa ukaa na kuigeuza kuwa bikaboneti, chumvi iliyoyeyuka ambayo haionekani kwa macho. Mito huibeba hadi baharini, na huko inaweza kukaa maelfu mengi ya miaka bila kurudi angani. Mto Pangani, unaokusanya maji kutoka Kilimanjaro na Meru, kupita Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi, ni mmoja wa wabebaji hao.

Kazi hiyo ya asili ndiyo iliyozaa wazo linalojadiliwa na wanasayansi kwa zaidi ya miaka 30 sasa: kusaga miamba ya aina maalumu na kuitandaza ufukweni ili bahari yenyewe iharakishe kazi ambayo milima huifanya taratibu. Kwa wakazi wa Tanga, mkoa wenye miamba ya jamii hiyo na pwani ndefu inayoliwa na mawimbi, wazo hilo linastahili kueleweka kabla halijafika mlangoni kama mradi.

Pengo kati ya asili na binadamu

Kulika kwa miamba duniani kote huondoa angani takriban tani bilioni moja za hewa ukaa kwa mwaka. Binadamu, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi na kwa kutengeneza saruji, huongeza takriban tani bilioni 37 kwa mwaka. Kabla ya enzi ya viwanda, kila chembe milioni moja za hewa zilikuwa na chembe 280 hivi za hewa ukaa; mwaka 2024 zilizidi 420.

Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuwa kupunguza moshi pekee hakutatosha kufikia lengo la kusawazisha kinachotolewa na kinachoondolewa. Sehemu ya hewa ukaa italazimika kuondolewa angani. Kupanda miti ni njia mojawapo. Kusaga mawe ni nyingine.

Wazo la kutumia miamba ya silika kwa kazi hiyo lilichapishwa mwaka 1990 na Walter Seifritz katika jarida la Nature. Aliyelivalia njuga zaidi ni Olaf Schuiling, mtaalamu wa kemia ya miamba wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 2000 alihimiza matumizi ya madini ya kijani yaitwayo olivini.

Olivini hufanyaje kazi?

Olivini ni muungano wa magnesi, chuma na silika. Hupatikana kwa wingi katika miamba iliyotoka chini sana ya ardhi na katika baadhi ya mawe ya volkano. Ufukwe wa Papakolea huko Hawaii una mchanga wa kijani kwa sababu ya madini hayo.

Kwa hesabu ya kemia, kilo 140 za olivini yenye magnesi tupu, zikiyeyuka zote, huweza kufunga kilo 176 za hewa ukaa. Yaani tani moja ya jiwe hufunga tani moja na robo ya gesi. Hicho ni kiwango cha juu kabisa. Katika maji ya bahari kiasi hupungua, na jiwe halisi huwa na chuma na uchafu mwingine.

Msomaji wa Tanga anaweza kuielewa hesabu hiyo kwa kuigeuza. Anayechoma chokaa hutia motoni mawe ya matumbawe au chokaa ghafi, na katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 hutoka kama hewa ukaa. Tanuri za saruji hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa. Olivini haihitaji tanuri: husagwa ikiwa mbichi, na badala ya kutoa gesi huivuta.

Faida ya pili ni kwa bahari yenyewe. Bahari humeza takriban robo ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu, na maji yake yamekuwa yakiongezeka ukali, jambo linalowadhuru matumbawe na viumbe wenye magamba. Olivini inapoyeyuka hupunguza ukali huo.

Majaribio yaliyofanyika

Taasisi ya Vesta ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2019, ndiyo iliyolitoa wazo hilo maabara na kulipeleka ufukweni. Mwaka 2022 ilichanganya mchanga wa olivini na mchanga wa kawaida katika ufukwe wa North Sea, Southampton, jimbo la New York. Mwaka 2024 ilimwaga zaidi ya tani 8,000 baharini karibu na mji wa Duck, North Carolina, ili kupima mwenendo wa maji na viumbe wa sakafu ya bahari.

Nchini Oman, ambako Kiswahili husikika katika nyumba nyingi, njia ni tofauti lakini jiwe ni la ukoo huohuo. Kampuni ya 44.01, iliyoshinda tuzo ya Earthshot mwaka 2022, huyeyusha hewa ukaa katika maji na kuyasukuma chini ya ardhi, ndani ya milima ya miamba yenye olivini, ambako gesi hugeuka kuwa jiwe. Jina la kampuni hiyo limetokana na uzito wa molekuli ya hewa ukaa. Kwa majirani wa Kenya, unga wa basalti umeanza kutandazwa mashambani kwa nia hiyohiyo.

Tatizo la mwendo

Swali gumu ni muda. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Utrecht kwenyewe, Suzanne Hangx na Christopher Spiers, walichapisha hesabu zilizopunguza matumaini. Kwa mujibu wa hesabu hizo, punje za ukubwa wa mikroni 300, yaani karibu theluthi moja ya milimita kama mchanga wa kawaida wa ufukweni, zingehitaji kati ya miaka 700 na 2,100 kufikia kiwango cha kunasa gesi kinachotakiwa, katika maji ya nyuzijoto 25 hadi 15. Ili matokeo yapatikane ndani ya miaka 15 hadi 20, punje zisizidi mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Huo si mchanga tena, ni unga.

Schuiling na wenzake walijibu kuwa hesabu za maabara tulivu hazizingatii mawimbi, ambayo husugua punje moja kwa nyingine na kuzimega bila gharama. Ubishi huo ndio uliofanya majaribio ya baharini yawe ya lazima.

Bahari ya Tanga, ambayo joto lake kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 25 na 30, ina nafuu kwa kuwa olivini huyeyuka haraka zaidi katika maji ya joto. Hata hivyo, nafuu hiyo haifuti gharama za kusaga. Kadiri unga unavyotakiwa kuwa laini, ndivyo umeme au dizeli inavyotumika zaidi, na moshi wa mashine na malori hupunguzwa katika hesabu ya gesi iliyonaswa.

Wingi nao ni mzigo. Kuondoa tani bilioni moja za hewa ukaa kungehitaji angalau tani milioni 800 za olivini iyeyuke yote. Kwa lori la tani 30, hizo ni safari zaidi ya milioni 26.

Miamba ya Korogwe

Sehemu kubwa ya miamba ya Handeni, Korogwe na Milima ya Usambara ni ya kale, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Mingi si ya olivini. Lakini ndani yake kuna vipande vya miamba yenye magnesi nyingi. Maarufu zaidi viko Kalalani, wilayani Korogwe, na katika Bonde la Umba lililo jirani, maeneo yanayojulikana kwa vito kama yakuti na garneti.

Jiwe la huko huitwa serpentini. Ni jiwe la jamii ya olivini lililobadilishwa na maji chini ya ardhi kwa muda mrefu. Bado lina magnesi, lakini hesabu ya olivini haiwezi kuhamishiwa kwake moja kwa moja: tani moja ya serpentini safi, hata ikiyeyuka yote, haifikii tani moja kamili ya hewa ukaa.

Lipo pia jambo zito zaidi. Aina moja ya serpentini ni krisotili, ambayo ndiyo asbesto nyeupe. Si kila serpentini ina nyuzi hizo, lakini jiwe lenye nyuzi likisagwa kuwa unga, vumbi lake huingia mapafuni na laweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Kwa vijiji vilivyo kando ya machimbo na barabara za malori, kipimo cha maabara kinapaswa kutangulia kinu cha kwanza.

Bahari na wavuvi

Olivini huwa pia na nikeli, kwa kawaida kilo mbili hadi tatu katika kila tani, pamoja na kromi kidogo. Jiwe linapoyeyuka, metali hizo huachwa majini au kwenye tope. Zikizidi huweza kudhuru chaza, kaa na viumbe wadogo ambao ni chakula cha samaki.

Kwa Tanga hilo si suala dogo. Kuanzia miaka ya 2000 wavuvi wa mkoa huo walinasa silikanti, samaki wa kale ambaye wanasayansi waliwahi kudhani ametoweka pamoja na mijusi mikubwa ya kale, na mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Matumbawe ya eneo hilo ndiyo mazalia ya samaki wanaolisha kaya za pwani.

Kwa upande mwingine, mchanga wenyewe unahitajika. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti na kasa walitaga humo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Mji wa Pangani umelazimika kujengewa ukuta dhidi ya bahari. Watetezi wa olivini husema mchanga wake unaweza kufanya kazi mbili: kujaza ufukwe uliolika na kunasa gesi. Tatizo ni kwamba mchanga unaofaa kujaza ufukwe ni wa punje kubwa, na unaonasa gesi haraka ni unga unaochukuliwa na mkondo.

Nani atapima, nani atalipwa?

Miradi ya aina hii hulipwa kwa kila tani ya hewa ukaa inayothibitishwa kuondolewa. Mti hupimwa kwa futi ya kamba. Bikaboneti iliyoyeyuka baharini huchanganyika na maji yasiyo na mipaka. Aidha, katika mazingira fulani sehemu ya bikaboneti hugeuka kuwa chokaa na kurudisha karibu nusu ya gesi iliyonaswa.

Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa mikutano ya vijiji sauti juu ya ardhi yao.

Kwa hiyo, mwekezaji atakayefika Masuguru, Kalalani au Pangani na habari za mawe yanayosafisha hewa hatakuwa analeta uzushi. Kemia yake ni ya kweli. Anachopaswa kuulizwa ni jiwe lina nini ndani yake, litasagwa kwa ulaini gani na kwa nishati ipi, metali zake zitaishia wapi, na fedha ya kila tani itagawanywa vipi kati yake, kijiji kinachotoa jiwe na wavuvi wanaolipokea. Majibu yasiyo na vipimo hayatoshi, kwa sababu unga ukishamwagwa baharini hauzoleki.