Mashetani Watatu na Waigizaji Wao

Ukitoka Voi kwa barabara ya Nairobi, hukawii kufika daraja la Tsavo. Hapo, mwaka 1898, simba dume wawili walikuwa wakiwatoa wajenzi wa reli hemani usiku na kuwala. John Henry Patterson, mhandisi aliyewaua Desemba ya mwaka huo, ameandika kwamba vibarua walikataa kuamini kuwa wale ni wanyama. Kwao walikuwa mashetani waliovaa ngozi ya simba. Hollywood ililipenda neno hilo. Mwaka 1952 kisa kikatoka kwa jina la Bwana Devil, na mwaka 1996 kikarudi kama The Ghost and the Darkness.

Hii ya pili nimeitazama mara nyingi, na kila mara macho yangu huishia kwa John Kani. Huyu ni mwigizaji, mwandishi na mwongozaji mkubwa wa Afrika Kusini, lakini hapa amepewa nafasi ya Samuel, mtu wa kumsindikiza Mzungu na kumfahamisha mambo ya nchi. Filamu yenyewe ilipigwa hukohuko Afrika Kusini. Hata simba wawili wakuu walitolewa Kanada, tena mmoja akiitwa Bongo, wakiwa na manyoya tele shingoni, ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Shetani wa namna hii hadai mengi: yuko nje, kwenye majani, na dawa yake ni risasi.

Sasa mlinganishe na Iblis wa Baku. Abbas Mirza Sharifzadeh, mzaliwa wa Shamakhi, Azerbaijan, mwaka 1893, alimwigiza Iblis jukwaani mwaka 1920 katika tamthilia ya mshairi Huseyn Javid. Hadhira ilikuwa ya Waislamu, watu waliomjua Iblis tangu chuoni kama wanavyomjua watoto wa Voi wanaosoma madrasa. Javid angeweza kuwaletea yuleyule wa mawaidha. Badala yake alimfanya Iblis awageuzie kibao: mnanilaani mimi, na usaliti wenu je? Mwigizaji hapo hana bunduki wala giza la kujificha. Ana sauti na uso tu, na ni lazima mtazamaji atoke ukumbini akijishuku.

Miaka mitano baadaye Sharifzadeh alishika kamera na kuongoza Bismillah, filamu isiyo na sauti iliyowashambulia mashehe na ushirikina. Naona ni hatua ya kurudi nyuma. Dola ya Kisovieti, iliyoitawala Azerbaijan wakati huo, ilikuwa na shetani wake tayari, kavaa kilemba, na kazi ya msanii ikawa kumwonyesha kidole. Iblis aliyekuwa ndani ya kila mtu akarudishwa nje, kama simba wa Patterson.

Wa tatu tulimjulia kwenye vibanda vya video na ndani ya mabasi. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga, Tanzania, mwaka 1984, akapitia Kaole Sanaa Group, kisha akawa mwigizaji na mwongozaji aliyeivusha filamu ya Kibongo hadi Nigeria kwa Dar to Lagos, na baadaye kwa Devil Kingdom aliyocheza na Ramsey Nouah. Majina ya Kiingereza, mazungumzo mengi ya Kiswahili. Huku Voi, Holili na mpaka wake ni mwendo wa matatu kupitia Taveta, na hakuna aliyehitaji tafsiri. Shetani wa filamu za aina hiyo ni wa mkataba: anakupa gari na nyumba, halafu anakuja kudai damu. Kelele ni nyingi na muziki unatisha kabla ya jambo lenyewe kutisha. Hata hivyo, shetani huyu yuko karibu na Iblis wa Javid kuliko simba wa Hollywood, kwa sababu hafiki mpaka mtu amkaribishe. Kanumba mwenyewe, kwa macho yangu, alikuwa bora zaidi alipocheza na watoto katika Uncle JJ, pale alipoacha kukaza uso.

Sharifzadeh na Kanumba wote wawili hawakuzeeka. Sharifzadeh alikamatwa katika msako wa enzi ya Stalin, akapigwa risasi mwaka 1938, akiwa na miaka 45. Dola aliyoitengenezea filamu ilimwita adui, na baada ya miaka mingi ikamsafisha jina akiwa kaburini. Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, na umati uliomzika Kinondoni haukuitwa na serikali.

Katika mashetani hawa watatu, Iblis wa Sharifzadeh ndiye aliyeigizwa kwa akili zaidi, na yule wa Kanumba ndiye aliyezungumza lugha yetu. Wa Tsavo, aliye jirani yetu kabisa, bado sijaona filamu ya mtu wa hapa inayomsimulia. Ngozi za simba wale Patterson aliziuza mwaka 1924 kwa dola 5,000, na mpaka leo wako ndani ya kioo katika Field Museum, Chicago.