Mistari Miwili, Mikoa Mitatu: Mgawanyiko ndani ya FRELIMO, 1962–1970

Historia rasmi ya ukombozi wa Msumbiji husimulia kwamba ndani ya FRELIMO palikuwa na mistari miwili, wa wanamapinduzi na wa wasaliti. Wanaoipinga nao hujibu kwa wepesi uleule: ulikuwa ukabila tu, watu wa kusini wakiwatawala wa kaskazini. Ninashikilia kuwa maelezo yote mawili yanaruka hatua moja. Ukoloni ulikwishaigawa nchi katika mifumo mitatu ya maisha isiyofanana, na vita vilivyoanza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964 viliurithi mgawanyiko huo.

Kaskazini ilikuwa chini ya Kampuni ya Niassa hadi 1929; eneo la Manica na Sofala lilishikwa na Kampuni ya Msumbiji hadi 1942; kusini ilitawaliwa na serikali yenyewe, na wanaume wake walipelekwa kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Tangu makao makuu yalipohamia Lourenço Marques mwaka 1898, nafasi chache za elimu na kazi za ofisini ambazo Mwafrika aliweza kuzipata zilielemea kusini. Si ajabu, basi, kwamba viongozi wa FRELIMO Eduardo Mondlane, Samora Machel na Joaquim Chissano, wote wazaliwa wa Gaza, kusini, walifika Dar es Salaam wakiwa na Kireno cha shuleni. Mmakonde wa Mueda, kaskazini, yeye alivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, akarudi na Kiswahili na kumbukumbu ya TANU ikiwaunganisha watu. Chama cha MANU kilizaliwa miongoni mwa wahamiaji hao, na tarehe 25 Juni 1962 kikaungana na vyama vya UDENAMO na UNAMI kuunda FRELIMO.

Lázaro Nkavandame, kiongozi wa FRELIMO Cabo Delgado, anastahili kutazamwa kwa makini kuliko anavyotazamwa kwa kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba katika uwanda wa Mueda, uliowapa wanachama njia ya kuikwepa shokoa. Kwa mkulima aliyelazimishwa kulima pamba kwa bei ya mkoloni, huo ulikuwa uhuru wa kushikika mkononi. Vita vilipoanza, Nkavandame na wenyeviti wa vijiji walio chini yake ndio waliowahamasisha wanakijiji, wakakusanya chakula na kusimamia biashara ya maeneo yaliyokombolewa: korosho na ufuta vikivushwa kwenda Tanzania, chumvi, nguo na sabuni vikirudi. Walishutumiwa kwamba walijitajirisha kwa biashara hiyo. Shutuma hiyo ina uzito, na sioni sababu ya kuwatetea. Lakini wenyeviti nao walikuwa na swali la haki: kwa nini Cabo Delgado na Niassa zitoe wapiganaji na chakula, huku maamuzi makubwa yakitolewa na watu wa mikoa ambako vita havijafika?

Mwaka 1968 swali hilo lililipuka. Mwezi Machi wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO jijini Dar es Salaam, waliasi, wakiungwa mkono na padri Mateus Gwenjere, kwa kupinga walimu Wazungu na amri ya kuwapeleka vitani. Mwezi Mei ofisi ya FRELIMO ilivamiwa na mwanachama wake Mateus Muthemba akauawa. Nkavandame hakuhudhuria Mkutano Mkuu wa Pili uliofanyika Niassa mwezi Julai. Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969, na miezi michache haikupita Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno.

Hapa ndipo hoja ya ukabila inapokwama. Alberto Chipande na Raimundo Pachinuapa, makamanda wa Kimakonde, walisimama upande wa Machel dhidi ya mzee wa kwao. Kijana aliyepata cheo jeshini hakuhitaji tena ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji. Wasichana nao, waliochukuliwa katika Kikosi cha Wanawake kuanzia 1967, walibeba bunduki na kutoka mikononi mwa wazazi waliokuwa wakiwapangia ndoa. Kwa hiyo mpasuko ulipita katikati ya jamii ya Wamakonde yenyewe, kati ya mamlaka ya umri na mali kwa upande mmoja, na mamlaka ya silaha kwa upande mwingine.

Uria Simango, mchungaji kutoka Sofala na makamu wa Mondlane, naye alipata hatima nzito. Mnamo Novemba 1969 alitoa waraka akiulaumu uongozi kwa upendeleo wa kikanda na mauaji ya ndani. Yapo madai humo yaliyochochewa na hasira ya kunyimwa urais baada ya kifo cha Mondlane, lakini lawama ya ukanda haikuhitaji hasira ili iwe kweli. Uongozi ulimfukuza badala ya kumjibu, na mwezi Mei 1970 Machel akawa rais wa chama. Mwaka 1975 Simango alilazimishwa kusoma hadharani, katika kambi ya Nachingwea, maungamo ya usaliti. Baadaye aliuawa bila kesi mahakamani. Nkavandame, Gwenjere na mwanasiasa mpinzani Joana Simeão waliuawa pia. Aliyekwenda kwa Wareno na aliyeandika waraka wa malalamiko walihesabiwa kosa moja, na tangu hapo mtu wa Sofala au Cabo Delgado aliyeuliza juu ya mgawanyo wa madaraka alijua jina atakaloitwa.