Kiota cha kasa ni siri ya nani?

Kasa hajui kutunza siri. Akipanda ufukweni usiku kwenda kutaga, huburuta mwili wake mzito juu ya mchanga na kuacha njia pana kama ya tairi la trekta, moja ya kupandia na nyingine ya kurudia baharini. Kukipambazuka, ufukwe wa Madete, karibu na Mkwaja wilayani Pangani, huwa kama barua iliyosahauliwa wazi mezani. Mvuvi anayepita huisoma. Nguchiro naye huisoma, kwa pua. Atakayeisoma kwanza ndiye atakayeamua kama yale mayai mia na kitu yatakaa mchangani kiasi cha miezi miwili hadi yaanguliwe, au yatafika jikoni kabla jua halijawa kali.

Ndiyo maana walinzi wa kasa katika fukwe nyingi duniani, wakishakiandika kiota daftarini, huzifuta zile alama kwa miguu au kwa tawi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini ndani yake mna ubishi mkubwa: kitu kilichofichwa kikiwa na wapenzi, kitangazwe au kinyamaziwe?

Ubishi huo una historia ndefu mahali ambapo kasa hatagi kabisa. Mwaka 1854, mwongoza wageni James Perrott wa Chagford, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliacha chupa Cranmere Pool, pahala pa matope katikati ya nyika ya Dartmoor, ili wachache watakaofika watumbukize kadi zenye majina yao. Baadaye wageni wakaanza kuacha postikadi zenye stempu na anwani. Atakayefuata kufika huzichukua na kuzitia posta. Kutokana na chupa ile ukazaliwa mchezo wa kusaka visanduku. Chini ya jiwe fulani huwekwa kisanduku chenye daftari na muhuri wa mpira. Anayekipata hugonga muhuri huo katika daftari lake, hugonga na wake katika daftari la kisanduku, halafu hulirudisha jiwe kama alivyolikuta.

Kwa zaidi ya miaka mia moja mchezo uliishi kwa kunong'onezana. Kisanduku cha Belstone Tor kiliwekwa mwaka 1894, miaka 40 baada ya ile chupa. Mwaka 1938 kikawekwa kingine Ducks' Pool, kumkumbuka mwandishi William Crossing. Hadi miaka ya 1970 visanduku vilikuwa vya kuhesabika. Ikachapwa ramani ya kuvionyesha, na mambo yakafumka: vikawa maelfu. Na malalamiko nayo yakaja, ya mawe kung'olewa na udongo kufukuliwa na watu wenye haraka ya mihuri.

Wasakaji hawakurudi kwenye ukimya, wala hawakubandika kila kitu ukutani. Walijiwekea kanuni za kulinda magofu ya kale na wanyama, na wakaweka ngazi: aliyekwisha kukusanya mihuri 100 ndiye anayeweza kuomba kuingia Klabu ya 100 na kupata dalili zaidi za mahali visanduku vingine vilipo. Yaani siri inatolewa, ila kwa aliyekwisha kuchoka miguu kwa ajili yake. Jarida la Smithsonian la Marekani lilipoandika habari za mchezo huo mwaka 1998, Wamarekani nao wakaudaka.

Pwani ya Pangani ilipata somo lake kwa Maziwe. Kisiwa hicho kidogo, mbele ya Ushongo, kaskazini mwa Mkwaja, zamani kilikuwa na mivinje yake, na watafiti wa miaka ya 1970 walikihesabu miongoni mwa mahali muhimu mno pa kutagia kasa Tanzania. Zaidi ya watafiti hao, wavuvi ndio waliokijua. Ukimya huo haukukisaidia. Miti ikaisha, mawimbi yakala ardhi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Wako wanaolaumu shoka, wako wanaolaumu mikondo ya bahari. Mtu anaweza kuulaumu ukimya pia: kwa kuwa huko nje waliokijua walikuwa wachache, kelele hazikutosha kilipokuwa kinakwisha.

Kasa wenyewe hawakupata habari. Waliendelea kuja kutaga juu ya mchanga ambao bahari ingeufunika, na mayai yakawa ya kuoza. Ikabidi watu wayahamishe: huchukuliwa kwa uangalifu, hupelekwa ufukwe wa Ushongo na kufukiwa upya. Siku ya kuanguliwa ikifika, wageni huitwa waje kutazama. Vitoto, kila kimoja cha kutosha kiganjani, hutoka mchangani vikisukumana na kukimbilia maji. Hapo kutangaza hakudhuru kitu, maana mayai yamekwisha kuwa watoto.

Ila usiku wa kutaga ni habari nyingine kabisa. Kasa akimulikwa tochi kabla hajaanza kutaga aweza kugeuka na kurudi baharini, na safari yake yote ikawa bure. Kwa hiyo mgeni aoneshwe vitoto. Mama aachwe gizani.

Kuhusu wenyeji, shirika la Sea Sense, lililoanza kazi mwaka 2001 kama mpango wa kuhifadhi kasa na nguva, lilikuja na hesabu iliyo wazi: anayetoa taarifa ya kiota hulipwa, na mayai yakianguliwa salama hupata malipo mengine. Mtu aliyekuwa na sababu ya kunyamaza akapewa sababu ya kusema, tena ya kukirudia kiota mara kwa mara kukitazama.

Madete leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 na kumeza pia lililokuwa shamba la mifugo la Mkwaja, ambako maelfu ya ng'ombe yalipambana na mbung'o kwa karibu nusu karne. Hifadhi inayogusa Bahari ya Hindi haiwezi kufichwa, na hakuna sababu ya kuificha. Ufukwe utajwe jina. Kiota ndicho cha kunyamaziwa, na hilo limekuwa gumu zaidi tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Siku iliyofuata tu mtu alificha ndoo msituni huko Oregon na kuwapa wengine vipimo vya mahali ilipo. Leo simu ya mgeni yeyote, akipiga picha ya kiota, inaweza kuandika vipimo vilevile ndani ya picha bila yeye kujua.

Mlinzi naye anavihitaji vipimo hivyo, la sivyo baada ya miezi miwili hatakiona tena kiota chake. Hivyo asubuhi huviandika, halafu hugeuka na kuanza kufuta njia ya kasa, akirudi kinyumenyume hadi majini.